Miwani Iliyokaliwa

Fundi hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa amesimama, na ingawa wazazi hutia chumvi, hapo hakutia nyingi. Ana miaka arobaini na saba, mashine moja ya kusaga lenzi, duka la miwani lenye dirisha kubwa la mtaani na chumba kimoja cha nyuma, na humo mote huzunguka kutwa kama mtu aliyesahau anachotafuta. Wateja wamemzoea. Ukienda kupimwa macho kwake, sauti itakujia kutoka kushoto, mara kulia, mara nyuma ya kisogo chako: "Hapo je? Ipi bora, ya kwanza au ya pili? Sema tu, usifikirie sana."

Kwa miaka ishirini na miwili ameona jambo moja likijirudia mpaka limemchosha. Mtu anaingia haoni mbele wala nyuma. Anavaa miwani, anageukia mlangoni, anaona majani ya mti wa ng'ambo ya barabara, jani mojamoja, na machozi yanamlengalenga. Bibi mmoja aliwahi kumshika Fundi mikono yote miwili akamwambia, "Mwanangu, wewe ni mchawi," na alimaanisha sifa. Wiki mbili baadaye watu walewale hurudi na fremu iliyopinda. "Nimeikalia," husema, kwa sauti ya mtu aliyekalia gazeti. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwa miwani kinyemi hicho huisha siku ya tatu. Fundi huinyoosha fremu kwa koleo ndogo bila kusema neno, lakini inamuuma. Inamuuma kweli, wala asikudanganye mtu kwamba fundi huzoea.

Ndiyo maana katika dunia yake uchawi ni adimu.

Dunia yake ipo. Iko chumba cha nyuma, juu ya meza ya mbao, kila Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ni mchezo. Wachezaji ni watatu, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni anayemsemea, na Fundi ndiye msimulizi anayewaeleza wako wapi, mbele kuna nini na nani anawanyemelea. Wao husema wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, mchezaji hurusha dadu la pande ishirini, na namba ndiyo huamua: ikiwa kubwa umeruka shimo, ikiwa ndogo umo ndani ya shimo. Watu wazima na akili zao. Jirani muuza vitambaa, aliyesikia kupitia ukutani mtu akiuliza, "Sasa jamani, uchawi wa wiki hii tuuongeze au tuupunguze?" hajawahi kumwitikia Fundi salamu vizuri tangu siku hiyo.

Mchezaji wa kwanza ni mdogo wake Fundi, fundi wa kufuli, ambaye mtaa mzima humwita Kufuli na naye ameshaitikia jina hilo mpaka limekuwa lake. Wa pili ni mkewe Kufuli, mkunga, mwanamke wa maneno machache anayemwita Fundi wifi na kuitwa wifi vilevile. Wa tatu ni Mwalimu.

Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na Fundi alikuwa mwanafunzi wake. Walimu wengine walimchapa kwa sababu hakai. Mwalimu peke yake hakumwambia akae. Alimwambia, "Wewe, kashike ramani," na Fundi akasimama mbele ya darasa kipindi kizima, mikono juu, ameshika mito na milima ya watu, ametulia tuli. Hilo hajalisahau. Leo ni Mwalimu anayechora ramani za dunia yao, kwa kalamu ya risasi, na ramani hizo zimefunika kuta tatu za chumba cha nyuma. Bila yeye mchezo ungekuwa porojo tu, na Fundi angekuwa mwanamke anayezunguka duka lake hata siku ya Jumapili.

Meza hiyo ina sheria moja iliyoletwa na vita. Zamani Kufuli na mkewe walikuwa wakisomeana madadu, huyu anasema ni sita, yule anasema ni tisa, geuza kichwa uone, mpaka ndoa ikaanza kuyumba. Shauri likakatwa. Kila mtu hurushia dadu lake ndani ya kasha tupu la miwani lililo mbele yake, analisoma mwenyewe na kutaja namba. Kuchungulia ni mwiko. Kasha la mtu ni kama mfuko wake wa suruali.

Ugomvi wa uchawi ulikuwa na miezi miwili. Katika dunia ya Fundi alikuwa amebaki mchawi mmoja, milimani, tena mgonjwa, na ukitaka akufanyie jambo ulisubiri miaka mitatu. Mwalimu hakutaka hivyo. Mwalimu alitaka uchawi jikoni.

"Nipe barua inayojisoma yenyewe kwa sauti," alisema. "Nipe kikombe kinachojua kimejaa. Nipe njia inayomwambia mtu amefika wapi. Vitu vidogo vidogo, kila nyumba."

"Hiyo dunia ya nani, Mwalimu? Ya wavivu?"

"Ya watu."

"Uchawi ukiwa kila nyumba sio uchawi tena. Watu wataukalia. Shikamoo yako mzee wangu, lakini hapana."

"Marahaba. Lakini mimi siwezi kuchora nchi ambayo sijui ina uchawi kiasi gani. Nitapitishaje barabara, kama huenda watu wanaruka?"

Na kweli hakuchora. Wiki sita hakuleta ramani hata ya ukubwa wa kiganja. Halafu kukawa na lile jambo jingine, ambalo Fundi hakumwambia mtu. Mwalimu alikuwa ameacha kumtazama. Akizungumza naye aligeuza kichwa kidogo, macho yanatua kwenye kabati la fremu, kama anaongea na kabati. Fundi alijua maana yake. Ilikuwa dharau, na dharau kutoka kwa mtu yule ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili moja wakati wa kuondoka Mwalimu alisimama mlangoni akasema, bado akilitazama kabati, "Amua, Fundi. Wiki ijayo nikikuta hakuna uchawi, kiti changu mpeni mwingine. Mimi nimeshakuwa mzee, sina muda wa kubembelezana."

Wiki hiyo Fundi alisaga lenzi ya kushoto akaitia kulia, mara mbili, kwa mteja mmoja. Alipanga upya dirisha lote la duka, halafu akalirudisha lilivyokuwa. Alimpigia wifi yake simu akiwa anatembea kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma.

"Ananisusia, wifi. Mtu mzima yule ananisusia kwa sababu ya mchezo."

"Umemuuliza ana nini?"

"Nimuulize nini? Si amesema mwenyewe. Anataka uchawi."

"Mimi wanawake huniambia mgongo unawauma," alisema mkunga, "kumbe mtoto yuko njiani." Lakini Fundi alishafika mlango wa nyuma, akageuka, na hakusikia vizuri.

Jumapili ikafika. Fundi hakuwa ameamua, kwa hiyo alianza mchezo harakaharaka ili mtu asiulize. Aliwapeleka kwenye daraja la kamba juu ya korongo. Mtu wa Mwalimu, mpelelezi wa njia ambaye katika masimulizi yao alisifika kwa kuona mbuzi mmoja mlima wa tatu, ndiye aliyetangulia.

Mwalimu akarusha. Dadu likagonga ndani ya kasha. "Tatu," akasema.

Ubao ukavunjika chini ya mguu wake. Akarusha tena ili ashike kamba. "Mbili."

"Mwalimu, leo umeamkia upande gani?" Kufuli akacheka. "Hata wiki iliyopita ulikuwa hivihivi. Hebu lipulizie hilo dadu."

Fundi alikuwa anazunguka meza kama kawaida yake. Alipita nyuma ya Mwalimu wakati dadu la tatu linatulia, na macho yake, ambayo kazi yake ya miaka yote ni kuona vidogo, yakaona. Kumi na tisa.

"Nne," alisema Mwalimu.

Fundi aliendelea kutembea. Labda ameona vibaya. Akazunguka tena, safari hii polepole, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua mtu yeyote anayemjua. Mwalimu akarusha. Lilikuwa ishirini, namba kubwa kuliko zote, limelala waziwazi katikati ya kasha.

"Tatu tena," Mwalimu akasema, na akalifunika kasha.

Basi pale Fundi alilipuka. "Yaani umefikia kudanganya ili ushindwe! Unajitupa korongoni kwa makusudi, watu wakuonee huruma, waseme Fundi ni katili hataki kuweka uchawi. Miezi miwili hunitazami usoni. Ramani hunipi. Na sasa unanisusia hadi na madadu! Kama umenichoka niambie, Mwalimu. Niambie kwa mdomo wako."

Kufuli ndiye aliyesema kwanza, na kilichomshtua kilikuwa kingine kabisa. "Dada, umechungulia kasha la mtu?"

Mwalimu hakukasirika. Alilifunua kasha, akalitoa dadu, akalishika mbali na uso, upande, karibu na sikio, kama watu wanavyosikiliza saa. Kisha akaliweka mezani.

"Ilikuwa ngapi?" akauliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza, binti yangu. Ilikuwa ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini," alisema Mwalimu, akatabasamu kidogo. "Nami nimengoja ishirini tangu mwaka jana."

Mkunga aliweka mkono mdomoni. Yeye alikuwa ameshaelewa. Fundi alichelewa hatua moja, yeye fundi wa macho, yeye ambaye duka lake lina jicho kubwa limechorwa juu ya mlango. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba hata ugonjwa wa watu wake hauoni.

"Huoni," akasema.

"Naona kandokando. Natembea vizuri, kama unavyoniona, sijikwai. Lakini nikikitazama kitu, chenyewe hakipo. Pana doa la ukungu, duara, limekaa palepale ninapotaka kuona. Nikitazama pembeni kinarudi kidogo." Akageuza kichwa kuelekea kabati. "Nikitaka kuuona uso wako, lazima nilitazame kabati. Ndivyo nilivyokuona miezi yote hii. Ulikuwa umekasirika sana."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Ulikuja kupimwa. Ulikuja mara mbili, na mara zote mbili ulisoma ubao wote wa herufi, hadi mstari wa mwisho."

"Ule ubao hujaubadilisha miaka kumi na minane. Naujua kama mito ya dunia." Mwalimu akajikuna kidevu. "Nilikuja nikitumaini utanikamata. Halafu nikifika naogopa, nakariri. Ukasema, 'Macho mazuri Mwalimu, tubadilishe lenzi tu.' Nikarudi nyumbani nimefurahi kama mjinga."

"Na namba?" Kufuli akauliza. "Kwa nini unataja ndogo tu? Ungesema hata kumi na tano, nani angejua?"

"Ningesema kubwa ningekuwa mwizi," alisema Mwalimu. "Asiyeona na ashindwe, basi. Angalau ashindwe kwa haki."

Fundi alilia. Alilia akiwa amesimama, akitembea, akigonga kiti, akisema, "Mimi, mimi niliyekuwekea ile miwani kwa mikono yangu," mpaka mkunga akamshika mabega akamwambia, "Wifi, kesho asubuhi hospitali. Sasa hivi nyamaza."

Jumatatu walikwenda watatu, Fundi, Mwalimu na mkunga. Daktari wa macho alitazama kwa muda mrefu, akachora picha ya jicho kwenye karatasi. Ugonjwa ulikuwa unakula katikati ya jicho na kuacha pembeni. La kulia ndilo lililoharibika zaidi, na kilichokwisha kuliwa hakitarudi. La kushoto lingeweza kulindwa kwa sindano, kila mwezi, kama wangekuja. "Mngewahi kidogo," daktari akasema, bila ubaya, huku anaandika. Fundi aliyabeba maneno hayo mawili hadi nyumbani, na anayo mpaka leo. Jioni ileile aliung'oa ubao wa herufi ukutani, akauvunja vipande vinne.

Jumapili iliyofuata alikuwa amejiandaa kupita kiasi, maana hatia nayo haina breki. Hakungoja hata watu wakae. "Sikilizeni, nimeamua. Kuanzia leo dunia yetu imejaa uchawi. Kila njia panda pana chemchemi, na maji yake yanaponya macho. Macho yoyote, ugonjwa wowote. Mtu wa Mwalimu anaamka asubuhi na pembeni yake kuna..."

"Futa," alisema Mwalimu.

"Ngoja nimalize."

"Futa, Fundi. Mtu wangu mimi haumwi macho. Anaona mbuzi mlima wa tatu. Usimwambukize."

Kufuli alipasuka kicheko kabla hajajizuia, akakatwa jicho na mkewe, akanyamaza. Fundi alisimama katikati ya chumba, karatasi zake mkononi, hajui pa kuelekea. Miguu ilikuwa inataka kwenda na haikuwa na mahali.

"Si ulitaka uchawi?" akasema. "Miezi miwili umenipigia kelele."

"Niliomba chemchemi mimi? Niliomba kikombe kinachojua kimejaa." Mwalimu alinyoosha mkono, akakitafuta kikombe chake cha chai kwa vidole, taratibu, akakipata. "Unajua kosa lako, binti yangu? Unadhani mtu aliyekalia miwani hana shukrani. Mimi naona amepona. Mgonjwa ndiye anayeikumbuka dawa yake kila dakika. Sasa hivi mimi nakumbuka kila ngazi. Kila kikombe, kila kifungo cha shati, nakikumbuka. Nimechoka kukumbuka. Uchawi wako wa milimani ni wa kushangaza watu. Mimi sitaki kushangaa. Nataka kusahau."

Nje, mtu alipita akivuta mkokoteni, magurudumu yakalia mtaa mzima hadi kona.

"Basi uwe kiasi gani?" mkunga akauliza kwa upole.

"Kiasi cha kukaliwa," alisema Mwalimu.

Fundi aliziweka karatasi zake chini. Akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kitu alichokuwa anakionea aibu. Lilikuwa dadu la mbao, kubwa kama ndimu. Kufuli alikuwa amelichonga kwa tupa zake za funguo siku nne mfululizo, na Fundi akalitoboa kwa sindano ya kutia alama kwenye lenzi. Mstari mrefu ni kumi, mstari mfupi ni tano, kitobo ni moja. Alimshika Mwalimu mkono, akampitisha kidole upande mmoja mmoja, na Mwalimu akanyamaza kama mwanafunzi.

"Rusha," akamwambia.

Dadu halikuenea ndani ya kasha, likabingiria mezani. Mwalimu akalifuata kwa kiganja, akalibana, akaweka kidole gumba juu yake. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Wote watatu wakageuza nyuso ukutani, kwa sababu sheria ni sheria.

"Mbili," akasema Mwalimu.

"Mwalimu!" Kufuli akalalamika.

"Mbili kweli safari hii. Njoo upapase."

Akaanguka korongoni kwa haki, akavunjika mguu wa kubuni, na ikabidi wenzake wambebe hadi jioni. Siku hiyo pia alirudi kwenye ramani. Alisema na Fundi akachora: mto utokee hapa, upinde kama kiwiko, hapo weka kijiji ambacho barua zake hujisoma. Mistari ya Fundi ilikuwa mibaya kuliko ya mtoto wa darasa la pili. Mwalimu hakuiona vizuri, na akaikosoa vilevile.

Sasa msidhani Fundi alitulia. Wiki hizo alizunguka zaidi ya zamani, alinunua mbao mbili mpya za herufi na kuzibadilisha kila Jumatatu, na kila mteja mwenye nywele nyeupe alimuuliza maswali mpaka wengine wakaogopa kurudi. Mwezi ulipotimia alimpeleka Mwalimu kwa sindano ya pili, akatembea korido ya hospitali kutoka mwisho hadi mwisho, na nesi akamwomba akae mara tatu.

Jumapili ya sita tangu dadu la mbao, Mwalimu alichelewa. Fundi alikwenda mlangoni mara nane, na kila aliporudi alikuwa ameshamzika. Hatimaye fimbo ikagonga kizingiti. Mwalimu aliingia akinung'unika, akavuta kiti chake, akatia mkono mfuko wa nyuma wa suruali na kutoa lile dadu. Kona moja ilikuwa imemeguka.

"Hili nalo," akasema, akilisukuma mezani kuelekea kwa Fundi, huku uso ameugeuzia kabati. "Nimelikalia. Sijui hata niliweka lini mfukoni. Hebu lisage kidogo tuendelee, tulikuwa tumefika wapi?"

Kufuli alianza kusema kwamba dadu lenye kona mbovu halina haki, lirushwe tena kila mara, na mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Fundi alilichukua dadu. Alilitazama, akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa tayari anaulizia chai yake, amekereka, hana habari. Fundi akavuta kiti akakaa.